Laini Mbili, Mnara Mmoja

Matangazo ya ploti za mashambani nchini Kenya yana msamiati wake: hati miliki tayari, stima ipo, kisima kimechimbwa, dakika kumi kutoka lami. Kuhusu intaneti hayasemi kitu, au husema tu kwamba mtandao upo, na mnunuzi hulithibitisha hilo kwa kutazama vijiti vya simu yake akiwa amesimama kwenye nyasi, saa tano asubuhi, siku ya jua kali. Ajabu ni kwamba wengi wanaonunua Kajiado, Laikipia, Makueni au Kilifi ya ndani siku hizi hawahamii huko kwa ajili ya ng'ombe. Ni wahasibu, wahariri, walimu wanaofundisha kwa video, wastaafu ambao watoto wao wako Doha na Minneapolis. Watu ambao riziki yao, au mapenzi yao, hupita mtandaoni kila siku. Wakifika kwenye suala la intaneti ya nyumbani huuliza maswali mawili waliyoyazoea mjini: kasi ni ngapi, na kwa mwezi ni pesa ngapi. Kilimani na South B maswali hayo yanatosha, kwa kuwa faiba ikikatika kuna ya kampuni nyingine kwenye nguzo ileile, na mkahawa wenye waifai hauko mbali. Mashambani yanapotosha. Huko linaloamua ni swali jingine: muunganisho huu ukikatika, ni kitu gani kingine kitakatika pamoja nao, na ni nani atakayekuja kuurudisha?

Kasi ndiyo inayouzwa, basi na tuimalize kwanza. Mazungumzo ya video ya Zoom yenye picha safi kabisa hayataki zaidi ya megabiti 4 kwa sekunde. Netflix wenyewe wanapendekeza megabiti 5 kwa picha ya kiwango cha 1080, na 15 kwa ile ya 4K, ambayo inataka runinga kubwa ndipo jicho lione tofauti. Kuwasilisha ritani kwenye iTax, kutoa ankara ya eTIMS au kumpigia nyanya simu ya WhatsApp hutumia kiasi kidogo mno. Nyumba ya watu wanne, mmoja yuko mkutanoni, mmoja darasani na wawili sebuleni, inaishi vizuri kwa megabiti 20 zisizoyumba. Ukishavuka hapo, megabiti za ziada ni fahari zaidi kuliko faida. Linalosahaulika ni upande wa kupakia: anayetuma faili za video au anayefundisha mbele ya kamera anahitaji kutuma kama anavyopokea, na miunganisho mingi ya hewani ni hodari wa kuleta, mvivu wa kupeleka. Linalosahaulika zaidi ni ujazo. Saa moja ya filamu yenye picha safi inaweza kula gigabaiti 3, kwa hiyo bando la gigabaiti 50 ni saa kumi na sita hivi za runinga, yaani wikendi mbili za watoto wakiwa likizoni. Vifurushi vinavyoitwa visivyo na kikomo navyo mara nyingi vina kipengele cha matumizi ya haki: ukivuka kiasi fulani, kasi inashushwa hadi mwezi uishe. Kiasi hicho ndicho cha kuuliza kwanza, na mwuzaji akishindwa kukitaja, hilo nalo ni jibu.

Wengi huanza na mtandao wa simu, na hawakosei. Takwimu za Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya zinaonyesha kwamba 4G inawafikia zaidi ya asilimia 90 ya wananchi. Lakini asilimia hiyo inahesabu watu, haihesabu ardhi. Anayehamia mashambani anatoka kwa makusudi mahali penye watu wengi kwenda penye wachache. Anatoka ndani ya ile asilimia 90 kuelekea ukingoni mwake. Huko ukingoni sura ya nchi inatawala. Kwenye tambarare za Kajiado mnara mmoja huonekana kutoka mbali, ilhali kwenye matuta ya Murang'a nyumba mbili zinazotazamana ng'ambo ya bonde zinaweza kuwa na bahati tofauti kabisa, moja ikipata mawimbi kamili na nyingine ikiwa kivulini. Masafa pia hayalingani. Mawimbi ya megahezi 700 na 800 husafiri mbali na kupenya kuta. Ya 1800 na 2600 hubeba data nyingi lakini huchoka mapema. Ya 5G kwenye 3500 huchoka mapema zaidi, ndiyo maana mabango ya 5G hayamhusu sana anayejenga kilomita nane kutoka sokoni. Halafu kuna paa. Bati ni ukuta wa chuma mbele ya mawimbi, na nyumba nzuri ya mawe iliyoezekwa mabati inaweza kuua ndani mawimbi yaliyokuwa mazuri uani. Tiba yake ni rahisi kuliko watu wanavyodhani: antena ya nje juu ya mlingoti, ielekezwe mnarani, waya uingie kwenye ruta. Ruta nyingi zina ukurasa unaoonyesha nguvu ya mawimbi kwa desibeli, kwa namba hasi. Kila desibeli 10 ni mara kumi ya nguvu, hivyo kutoka hasi 110 hadi hasi 90 ni mara mia. Hakuna kifurushi cha bei ghali kinachoweza kukupa mara mia.

Hapo ndipo watu wenye busara hufanya kosa la kiungwana. Wanajua mtandao mmoja hauaminiki, kwa hiyo wananunua laini mbili za kampuni mbili, na wanalala wakiamini wamejikinga. Lakini minara mingi siku hizi si mali ya kampuni za simu. Telkom na Airtel nchini Kenya hutundika mitambo yao kwenye minara ya kampuni za kukodisha minara kama ATC. Tanzania, Helios Towers inafanya biashara hiyohiyo kwa makampuni kadhaa kwa pamoja. Laini mbili zinaweza kuwa zinaning'inia kwenye chuma kimoja, zikilishwa na umeme mmoja na jenereta moja. Hata minara ikiwa miwili tofauti, inaweza kuwa inategemea waya mmoja wa stima unaotoka kituo kimoja, na faiba moja inayopita kando ya barabara moja. Tofauti iliyo dukani, ya rangi na nembo, haipo tena kule juu ya kilima. Mtu anayetaka laini mbili afanye utafiti wa nusu saa: kuna programu za simu zinazoonyesha unazungumza na mnara upi na uko upande gani. Akikuta laini zote mbili zinatazama kilima kimoja, ajue ana muunganisho mmoja wenye bili mbili.

Umeme ndio mzizi wa jambo hili. Kati ya Agosti na Desemba 2023 Kenya iliingia gizani karibu nchi nzima si chini ya mara tatu, na hizo ni zile zilizotangazwa. Transfoma ya kijiji inayoungua na kukaa wiki nzima haiingii kwenye habari za saa moja. Mnara wa simu una betri za kushikilia kwa saa kadhaa. Baada ya hapo hutegemea jenereta, na jenereta hutegemea mtu aliyeleta dizeli. Kwa hiyo mwenye nyumba aliyefunga sola na inveta, akijipongeza kwamba taa zake zinawaka wakati wa giza, huona intaneti ikiondoka saa chache baadaye, kwa sababu yeye ana umeme na mnara hauna.

Ni kwa sababu hiyo, wala si kwa sababu ya kasi, kwamba faiba ikifika langoni ichukuliwe bila kusitasita. Mfumo unaotumika kupeleka faiba majumbani hauhitaji umeme njiani. Kati ya kituo cha kampuni na nyumba, umbali unaoweza kufika kilomita 20, kuna kioo na vigawanyio visivyotumia umeme; panapohitaji umeme ni kwenye ncha zake mbili tu. Kituo kikiwa na jenereta imara, na kisanduku cha nyumbani, ambacho hula wati chache, kikiwa kwenye betri ndogo, giza la kijiji kizima halikuhusu. Zaidi ya hapo kioo hakipitishi radi. Kwa anayejenga Kisii au Kakamega, katika bonde la Ziwa Victoria ambalo ni miongoni mwa maeneo yenye radi nyingi zaidi duniani, hilo si jambo dogo: waya wa shaba unaoshuka kutoka mlingotini hadi sebuleni ni njia iliyofunguliwa kwa radi, na ukitumika lazima uwekewe kinga na utiwe ethi. Udhaifu wa faiba uko kwingine. Vijijini hutundikwa kwenye nguzo za stima, ambako lori refu, tawi la mkaratusi, moto wa shamba au mwizi anayedhani kuna shaba ndani hukata mara moja kile ambacho mafundi walikaa wiki kukivuta. Kuiunga kunataka mashine maalumu na fundi aliyefunzwa. Akiwa Nakuru nawe uko Baringo, uvumilivu utahitajika. Kwa hiyo swali la kumwuliza wakala wa faiba ni timu ya ukarabati inalala wapi.

Lakini faiba kupita si faiba kufika. Serikali ya Kenya imetandaza mkongo wake wa NOFBI hadi kwenye makao makuu ya kaunti, na Tanzania ina Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano unaosimamiwa na TTCL. Mikongo hii hupita kando ya mashamba mengi bila kuyapa kitu, kama treni ya SGR inavyopita kijijini isikosimama. Kushusha tawi kwa ajili ya nyumba kumi na mbili si biashara kwa kampuni. Kwa kawaida faiba ya nyumbani huishia kwenye kituo cha biashara, penye benki, SACCO na shule ya bweni, na anayenunua ploti kilomita mbili ndani ya hapo yuko ndani ya ndoto wala si ndani ya ramani. Kama bado hajanunua, kilomita hizo mbili zina bei, na inafaa aijue kabla ya kutia saini.

Kati ya mnara wa simu na faiba kuna njia ambayo haitangazwi sana na ambayo, kwa maoni yangu, inadharauliwa bila haki: kampuni ndogo za redio zinazochukua faiba mjini, zinaitupa juu ya kilima, kisha zinaisambaza kwa antena ndogo zilizofungwa kwenye paa za wateja. Mawingu, iliyoanzia eneo la Nanyuki mwaka 2013 kwa majaribio ya kutumia masafa yaliyoachwa wazi ya televisheni, imekua kwa njia hiyo katika miji midogo ambayo wakubwa hawakuitaka, na baadaye ikavuka mpaka kwa kuinunua Habari Node ya Arusha. Ubora wa kampuni za aina hii hauko kwenye mitambo. Uko kwenye ukweli kwamba fundi wake anaishi tarafa ileile, anafika kwa bodaboda, na wateja wake wanajuana. Ukikosa mtandao siku mbili, habari zinafika sokoni kabla ya malalamiko kufika ofisini. Masharti yake ni makali, hata hivyo. Antena na kilima lazima vionane bila kizuizi, na kizuizi hukua: mkaratusi uliopandwa na jirani leo unaongeza mita kadhaa kwa mwaka na siku moja utasimama katikati ya njia. Kampuni yenyewe ni ndogo, na ndogo hufilisika au hununuliwa. Lakini kituo chake cha kilimani mara nyingi kinaendeshwa kwa sola, na hapo panapatikana jambo tunalolitafuta: chombo kinachokatika kwa sababu zake chenyewe, si kwa sababu transfoma imeungua.

Kuna watakaosema mjadala huu wote umepitwa na wakati. Starlink, intaneti ya setilaiti, ilianza kuuzwa Kenya Julai 2023. Rwanda waliipata mapema mwaka huohuo, na Burundi mwaka uliofuata. Weka dishi uani, elekeza juu, kazi imekwisha. Hoja hii ina nguvu na haifai kubezwa. Setilaiti za zamani zilikaa kilomita 35,786 juu ya ikweta, na kila neno la mazungumzo lilichukua zaidi ya nusu sekunde kwenda na kurudi, hali iliyofanya simu ya video iwe mashindano ya kukatizana. Za Starlink ziko kwenye kilomita 550 hivi. Bei nayo ilishuka haraka: vifaa vilivyoanza kwa karibu shilingi 90,000 vilifika chini ya 50,000 mwaka uliofuata, na Agosti 2024 kikaja kifurushi cha gigabaiti 50 kwa shilingi 1,300, pamoja na njia ya kukodi vifaa badala ya kuvinunua. Kwa boma la Marsabit au shule ya Turkana ambako mnara wa karibu uko nyuma ya milima, hakuna mjadala. Mimi pia ningeliweka dishi.

Hata hivyo angani si mahali pa kutorokea matatizo ya ardhini. Ni mahali penye matatizo ya aina yake. Uwezo wa setilaiti hugawanywa kwa maeneo, na wote walio chini ya eneo moja hula sahani moja. Novemba 2024 Starlink ilisitisha kuandikisha wateja wapya Nairobi na kaunti za jirani kwa sababu eneo lilikuwa limejaa, na haikufungua tena mpaka Juni 2025. Hapo pana kichekesho: chombo kilichobuniwa kwa ajili ya mashamba kilijazwa na watu wa mjini waliokuwa na faiba mlangoni. Anayehamia Kitui ana nafasi. Anayehamia Kitengela na kuita hapo mashambani aangalie vizuri. Kisha, tarehe 24 Julai 2025, huduma nzima ya Starlink ilizimika duniani kwa saa mbili na nusu hivi kutokana na hitilafu ya programu zake za ndani. Saa mbili na nusu si msiba, na kampuni nyingi za ardhini zingefurahi kuwa na rekodi kama hiyo. La kuzingatia ni namna ilivyozimika: kwa wote, wakati mmoja, na hakuna fundi wa kupigiwa simu. Dishi lako likiharibika lenyewe, utaandika ujumbe kwenye programu na kusubiri kifurushi kutoka mbali. Kwa mtu wa Nairobi hilo ni usumbufu. Kwa aliye mwisho wa barabara ya vumbi linaweza kuwa juma zima.

La zito zaidi kuhusu dishi ni tumbo lake. Ruta ya 4G hula wati 10 au pungufu. Dishi la kawaida la Starlink hula kiasi cha wati 75, na lile dogo nusu yake hivi. Ukiliacha la kawaida usiku na mchana, ni karibu yuniti 1.8 kwa siku na 54 kwa mwezi. Nchini Kenya nyumba inayotumia hadi yuniti 30 kwa mwezi hulipa bei nafuu ya wenye matumizi madogo. Dishi peke yake, kabla ya taa wala friji, linakutoa humo. Kwa anayetegemea sola hesabu ni ngumu zaidi. Paneli ya wati 100 kwenye jua zuri hutoa kama yuniti 0.4 za kutumika kwa siku, kwa hiyo dishi linataka paneli tano za namna hiyo kwa ajili yake pekee. Betri ya kawaida ya maji ya volti 12 na ampea-saa 100 ina takriban yuniti 1.2, lakini ikitumiwa zaidi ya nusu mara kwa mara hufa mapema. Saa kumi na mbili za usiku zinataka 0.9. Haitoshi. Wauzaji hawazitaji hesabu hizi kwa sababu si bidhaa yao, ila mnunuzi atazilipa hata hivyo. Zipo njia za kupunguza: kulizima dishi usiku, kununua lile dogo, kuweka betri ya lithiamu. Lakini bei ya kulinganisha na faiba au ruta ya simu ni ile iliyojumlisha betri na paneli.

Zipo hitilafu ambazo hakuna uchaguzi wa nyumbani utakaozikwepa, na ni vyema kuzijua ili usizilipie. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilikatika upande wa kusini kuelekea Afrika Kusini, na intaneti ikadorora kutoka Dar es Salaam hadi Kampala na Kigali. Siku hiyo laini ya simu, faiba na redio za kilimani ziliugua ugonjwa mmoja. Wakati ule setilaiti ingeweza kujisifu. Lakini tangu Januari 2025 Starlink ina kituo chake Nairobi. Data ya Mkenya hushuka hapo, ndiyo maana safari yake imekuwa fupi na simu za video zimekuwa laini zaidi. Maana yake vilevile ni kwamba kutoka Nairobi kwenda mbele inategemea kwa sehemu kubwa mikongo ileile ya Mombasa. Umbali ulipungua na uhuru ukapungua nao. Sioni sababu ya kulalamika, ila yeyote anayenunua dishi kwa kuamini kwamba limejitenga na bahari ana picha ya kabla ya kituo hicho.

Mpaka hapa hoja yangu inaelekea mahali panapoweza kukera: kwamba mwenye kutegemea intaneti kwa kazi, akihamia mashambani, awe na miunganisho miwili, isiyolingana kwa ukubwa na isiyokatika kwa sababu moja. Pingamizi la haraka ni pesa. Watu huhamia shamba ili kupunguza gharama, na huyu anatuambia tulipe mara mbili. Lakini wa pili hauhitaji kuwa kifurushi cha mwezi. Ukiwa na faiba au redio ya kilimani kama mlo wa kila siku, wa pili unaweza kuwa laini ya simu ya kulipia kabla, ndani ya ruta ndogo yenye antena nje, isiyopewa bando mpaka siku ya shida. Ukiwa na dishi kama mlo, wa pili ni laini hiyohiyo. Ukiwa na laini ya simu kama mlo, na hapa ndipo watu wengi walipo, wa pili usiwe laini nyingine kabla hujahakikisha mnara wake. Afadhali redio ya kilimani ya kifurushi cha chini, au dishi dogo la kifurushi kidogo kuliko vyote. Kwa nyumba ndogo, pesa zinazookolewa kwa kushuka kutoka kifurushi cha megabiti 80 hadi cha 15, ambacho kwa Safaricom ni kama shilingi 3,000 kwa mwezi dhidi ya zaidi ya 6,000, hulipia huo wa pili na kubaki.

Pingamizi jingine ni la haki zaidi: si kila anayehama ni mhasibu mwenye mkutano. Mstaafu anayetaka kusoma magazeti, kuzungumza na wajukuu Jumapili na kupokea pensheni kwa simu hana haja ya yote haya. Nakubali kabisa. Simu yake, laini inayoshika vizuri hapo alipo, na bando la wiki vinamtosha. Mtandao ukikatika siku moja atapiga simu Jumatatu. Kinachomhusu yeye ni antena ya nje, kwa sababu bati lake halijui kwamba amestaafu. Wala simshauri mtu anunue dishi kwa sababu jirani ana dishi, ugonjwa ambao umeanza kuonekana kwenye mabati ya vijiji vyetu.

Wengine husema tusubiri tu, kwani kila kitu kinakuja. Kinakuja, ni kweli: Mei 2023 Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote wa Tanzania ulitia saini mikataba ya kujenga minara 758 kwenye kata ambazo makampuni yalikuwa yamezipita, na mpango wa namna hiyo unaweza kubadilisha kijiji kizima kwa usiku mmoja. Ila ahadi na mnara ni vitu viwili. Julai 2020 Loon, kampuni ndugu ya Google, ilizindua pamoja na Telkom Kenya maputo yaliyoelea kama kilomita 20 angani, yakirusha 4G kwenye makumi ya maelfu ya kilomita za mraba za magharibi na kati ya nchi. Kilikuwa chombo cha ajabu, na kilifanya kazi. Januari 2021 kampuni ikatangaza kufunga, kwa kuwa hesabu za biashara hazikukaa sawa. Aliyenunua shamba kwa kutegemea puto alibaki na shamba. Kipimo changu kwa tangazo lolote la mradi ni hiki: kama mitambo haijasimama unapotembelea ploti, ihesabu kuwa haipo, na ikija ichukue kama bakshishi.

Kwa ambaye bado hajanunua, kazi yote hii inaweza kufanywa kwa siku mbili za kukaa gesti ya karibu. Pima saa mbili usiku, si saa tano asubuhi, maana usiku ndipo kijiji kizima kinapofungua video na mnara unapogawana. Ikiwezekana pima siku ya mvua, na wakati stima imepotea. Pima ukiwa chini ya bati la jirani, kwa ruhusa yake, kisha toka nje upime tena ili ujue antena itakupa nini. Nenda kwa mwenye M-Pesa na kwa mwalimu mkuu, watu wawili ambao kazi zao hukwama mtandao ukikwama, uwaulize mara ya mwisho ulipotea lini, kwa muda gani, na ni nani aliyekuja kuurekebisha. Uliza kama jenereta ya mnara husikika ikiunguruma stima inapopotea. Wanakijiji hujua, kwa sababu huwa inawanyima usingizi. Na kwa aliyekwisha kujenga, mabadiliko ya gharama ndogo kuliko yote hayapo kwenye kampuni wala kifurushi: ruta na kisanduku cha faiba vichomekwe kwenye betri yao ndogo, mbali na friji na pampu, ili stima itakapopotea kesho saa nane mchana kitakachozimika kiwe runinga.